Mwanavikapu wa Klabu Nyingi: Yanayosemwa na Yaliyo Kweli

Kwenye viti vya ukumbi wa Nyayo, mchezaji aliyezunguka ng'ambo hupimwa kwa idadi ya klabu alizopitia. Zikiwa nyingi, huhukumiwa kuwa ana kasoro. Hukumu hiyo si ya haki, na inawapotosha vijana wa Nairobi wanaotamani kazi hii.

Dhana: Anayehama kila mara hatakikani.

Ish Smith hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti (uchaguzi wa wachezaji wapya) ya 2010 ya NBA, ligi kuu ya mpira wa vikapu ya Marekani. Hata hivyo alichezea timu 13 tofauti za ligi hiyo, idadi ambayo ni rekodi, na 2023 akatwaa ubingwa na Denver Nuggets. Mike James naye hakuchaguliwa 1998. Alianzia Austria, akaingia NBA 2001 akiwa na Miami Heat, na 2004 akawa bingwa na Detroit Pistons. Timu 13 hazimwiti mtu kwa huruma.

Sababu za kuhama mara nyingi haziko mikononi mwa mchezaji. Katika NBA timu humbadilisha na mchezaji wa timu nyingine, pamoja na kandarasi yake, bila kumwomba ridhaa. Kwa kawaida, ili awe na haki ya kukataa, sharti awe amecheza misimu 8, minne kati yake na timu aliyomo, na kipengele hicho kiwe kimeandikwa kwenye kandarasi. Wengine huingizwa kwenye mabadilishano ili tu mishahara ya pande mbili ilingane. Kuna pia kandarasi za siku 10, zinazoanza kutolewa Januari 5: timu moja inaweza kumpa mchezaji mbili tu kwa msimu, kisha imsajili hadi mwisho wa msimu au imwachilie. Ulaya nako kandarasi nyingi ni za msimu mmoja. Msimu ukiisha, hata aliyecheza vizuri hutafuta mlango mwingine.

Dhana: Ukishatia sahihi, pesa ni zako.

Hapa ndipo vijana wanapoumia zaidi. Mshahara wa klabu za ng'ambo kwa kawaida hulipwa kwa mafungu ya kila mwezi, na klabu ndogo huchelewa. Kabla ya kutia sahihi, soma kama kiasi kilichotajwa ni kabla au baada ya kodi, nani analipia nyumba, bima ya matibabu na tiketi ya kwenda na kurudi, na kama kandarasi ina dhamana (unalipwa hata ukiachwa) au ni ya majaribio. Ile ya majaribio inaweza kukurudisha uwanja wa ndege wa JKIA, Nairobi, baada ya wiki mbili, mfuko mtupu. Vipimo vya afya viwe na muda maalumu, tuseme siku tatu baada ya kufika; bila kikomo, klabu inaweza kukumbuka goti lako mwezi wa Januari na kukuacha.

Dai vipengele viwili. Cha kwanza ni cha ucheleweshaji: malipo yakichelewa siku kadhaa, uruhusiwe kutocheza, yakifika siku 30, uwe huru kuondoka na salio lote lidaiwe mara moja. Cha pili ni kinachotaja mahakama ya usuluhishi ya mpira wa vikapu, BAT, iliyoanzishwa 2007 chini ya FIBA, shirikisho la kimataifa la mchezo huu, na makao yake yako Geneva. Kesi huamuliwa na msuluhishi mmoja, kwa sehemu kubwa kwa maandishi. Klabu isipolipa, FIBA inaweza kuizuia kusajili wachezaji wapya. Lakini kama BAT haikutajwa kwenye kandarasi, utajikuta ukitafuta wakili katika mji ambao hujui hata lugha yake. Weka kila risiti na kila ujumbe.

Dhana: Wakala ni yeyote mwenye namba ya kocha wa ng'ambo.

Wakala wa uhamisho wa kimataifa anapaswa kuwa na leseni ya FIBA. Ulaya, malipo yaliyozoeleka ni asilimia 10 ya mshahara, na mara nyingi klabu ndiyo hulipa. Anayetaka mzazi auze shamba ili alipe "ada ya viza" kabla kandarasi haijaonekana, mkimbieni.

Dhana: Kuhama ni kupanda ndege tu.

Shirikisho la nchi ya klabu mpya huomba barua ya kibali kutoka shirikisho la nchi unayotoka. Kwa mchezaji anayeondoka ligi yetu, jibu hilo hutoka kwa KBF, shirikisho la mpira wa vikapu la Kenya. Muda wa kujibu ni siku 7, na sababu halali ya kukataa ni moja: kwamba bado una kandarasi na klabu yako. Bila barua huchezi, hata kama umeshafanya mazoezi mwezi mzima. Kwa walio chini ya miaka 18, uhamisho wa kimataifa hauruhusiwi ila kwa hali maalumu.

Dhana: Mpira ni uleule kila mahali.

NBA huchezwa dakika 48 na mchezaji hutolewa kwa faulo ya sita. Chini ya FIBA ni dakika 40 na faulo tano. Mstari wa alama tatu uko mita 7.24 NBA, 6.75 FIBA. Tofauti inayowasumbua masenta, wale warefu wanaocheza karibu na kikapu, ni nyingine: FIBA haina kanuni ya NBA ya sekunde tatu za ulinzi, inayomkataza mlinzi asiyemkaba mtu kukaa chini ya kikapu zaidi ya muda huo, kwa hiyo jitu refu linaweza kujipanga chini ya kikapu. Na mpira uliokwisha kugusa ringi unaweza kupigwa nje, jambo ambalo NBA hulizuia ukiwa bado juu ya ringi. Aliyezoea mtindo mmoja huhitaji wiki kadhaa kabla mwili haujazoea mwingine.

Dhana: Anayecheza ng'ambo ameisahau Kenya.

Kanuni za FIBA zinazitaka klabu kuwaachilia wachezaji kwa mechi za timu za taifa. Tylor Ongwae alikuwa akicheza Denmark na Bakken Bears alipofunga kikapu cha sekunde za mwisho jijini Yaoundé, Februari 2021. Kenya iliishinda Angola 74 kwa 73, na Morans, timu ya taifa ya Kenya, wakaenda AfroBasket, mashindano ya mataifa ya Afrika, kwa mara ya kwanza tangu 1993, mwaka ambao mashindano hayo yaliandaliwa hapa Nairobi.

Wanaodhani pasipoti mpya inatosha kubadilisha timu ya taifa nao wasome kanuni: kila timu ya taifa inaruhusiwa mchezaji mmoja tu aliyepata uraia wa nchi hiyo baada ya kutimiza miaka 16.