Je, wajua? Kipimo cha mimba kinaweza kumwambia mwanamume "ndiyo"

Mwaka 2012, kijana mmoja wa Marekani alikuta kipimo cha mimba kilichosahauliwa na mpenzi wake wa zamani. Akakikojolea kwa mzaha. Kikasema ana mimba! Rafiki yake akakichorea kisa hicho kikatuni na kukiweka mtandaoni ili watu wacheke. Watu walicheka kweli, lakini baadhi yao wakaandika: mwambie aende hospitali akapimwe korodani. Akaenda, na madaktari wakakuta uvimbe mdogo kwenye korodani ya kulia. Ilikuwa saratani.

Sasa mkojo wa mwanamume unapata wapi dalili ya mimba?

Kile kijiti tunachonunua duka la dawa hakijui mimba wala mtoto. Kinatafuta homoni moja tu, iitwayo hCG. Ikiwemo ya kutosha kwenye mkojo, kingamwili zilizopakwa kwenye utepe huinasa, na mstari wa pili unajitokeza. Kwa mjamzito, homoni hiyo hutoka kwenye seli za kondo la nyuma. Mwanamume hana kondo. Ila jeni za kutengeneza hCG anazo, kwenye kromosomu ya 6 na ya 19, sawa na mama yake. Ziko kwenye seli za ini lake, za ngozi yake, hata za kidole gumba. Zimelala tu.

Binadamu ana jeni zipatazo 20,000 za kutengeneza protini, na karibu kila seli inazibeba zote. Seli ya ini inatofautiana na ya mfupa kwa sababu ya jeni zipi ziko macho na zipi zimelala. Saratani yoyote huvuruga mpangilio huo. Hii ya korodani ina kioja chake: aina zake zilizo nyingi huanzia kwenye seli ambazo hazikuwahi kukua.

Mtoto wa kiume akiwa bado tumboni, seli zitakazokuja kuzaa mbegu zake huwa na jeni za kiinitete (mimba changa kabisa) zilizo macho. Mojawapo ni OCT4, inayoiachia seli mlango wa kugeuka kuwa karibu kitu chochote. Kwa kawaida jeni hiyo hulazwa mapema, na seli ikashika njia moja ya kutengeneza mbegu. Mwaka 1972, daktari wa Denmark, Niels Skakkebæk, alieleza seli zisizo za kawaida alizoziona kwenye korodani za wanaume waliokuwa wakihangaika kupata watoto, ambao baadaye walipata saratani. Leo tunajua seli za aina hiyo bado zina OCT4 iliyo macho. Zilibaki vile vile tangu tumboni, zikanyamaza miaka yote ya utoto, na baada ya balehe ndipo zikaanza kuzaana ovyo. Ndiyo maana ugonjwa huu huwapata sana vijana, wakati saratani nyingine nyingi husubiri uzee.

Seli inayoweza kuwa chochote, ikiharibika, huwa chochote kweli. Nyingine huamsha jeni za kondo na kumwaga hCG, hata matiti ya mgonjwa yakaweza kuvimba. Nyingine huiga mfuko wa kiini cha yai, ule unaoambatana na kiinitete mwanzoni, na kutoa protini ya AFP, ambayo kwa kawaida ni ya kijusi. Nyingine hutengeneza gegedu, ngozi, hata nywele. Haya yote yanaweza kukutwa ndani ya uvimbe mmoja.

Bernhard Zondek wa Berlin aliligundua jambo la hCG kwa wanaume hawa tangu 1930, enzi ambazo kupima mimba kulimaanisha kumdunga panya mkojo na kumpasua kutazama ovari zake. Lakini usikimbilie duka la dawa. Saratani nyingi za korodani hazitoi hCG, kwa hiyo mstari mmoja haukuhakikishii lolote. Vidole vyako wakati wa kuoga vina faida zaidi: kivimbe kigumu, hata kisichouma, kipeleke kwa daktari.

Hospitalini, hCG na AFP hupimwa kwenye damu. Korodani yenye uvimbe ikishaondolewa, hCG hupungua kwa nusu kila baada ya siku moja au moja na nusu, AFP kila siku tano hadi saba. Namba zikigoma kushuka, daktari anajua kuna seli zimejificha mahali.

Na hapo ule utoto wa seli hizi unaziponza. Jeni ya TP53, inayoiamuru seli iliyoharibika ijiue, kwenye saratani nyingi huwa imevunjika; kwenye hizi, mara nyingi ni nzima. Dawa ya cisplatin, ambayo Lawrence Einhorn wa Indiana alianza kuwatibu nayo wagonjwa hawa mwaka 1974, hujibandika kwenye DNA ya seli hizo na kuiharibu, nazo zinatii amri na kufa. Wanaotibiwa siku hizi, zaidi ya 90 kwa kila 100 hupona, wakiwemo wengi ambao saratani ilishafika mapafuni.