Samoni wa ubaoni kwenye seredani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Majirani zangu wa hapa Lamu wakiniona naweka ubao juu ya seredani, yaani jiko la makaa, jambo la kwanza wanaloniambia ni kwamba utaungua. Ubao mkavu utaungua, kweli. Uliolowekwa saa moja au mbili, ukakandamizwa na jiwe usielee, hauungui upesi. Maji hayaingii ndani sana, lakini hayo kidogo lazima yakauke kwanza ndipo moto ushike, na hapo samaki keshaiva. Kingo zikianza kuwaka, zinyunyizie maji.

Dhana inayoharibu samaki wengi zaidi ni hii: eti moshi ndio unaopika. Mtu huchochea makaa, akaweka ubao katikati ya moto na kungoja moshi mzito, halafu mnofu unatoka mchungu. Kazi kubwa ya ubao ni kumkinga samaki na makaa. Kinachomwivisha ni joto lililofungiwa chini ya kifuniko, pamoja na mvuke wa ubao wenyewe. Basi sogeza makaa kandoni, laza samaki ngozi ikiwa chini, ufunike kwa sufuria kubwa uliyoipindua, ukiacha upenyo moto upumue. Usimgeuze. Kipande cha unene wa sentimita 3 hutaka kama dakika 15 hadi 20. Harufu ya mti itakuja yenyewe, tena nyepesi. Ngozi haitakauka kama ya kukaanga. Itaganda ubaoni, nawe utauinua mnofu kwa mwiko. Ule weupe unaochuruzika juu watu hudhani ni uchafu au mafuta, kumbe ni protini ya samaki iliyoganda kwa joto. Ukiwa mwingi, ujue moto umezidi.

Wengine husema ubao wowote unafaa. Hapa nawasihi sana. Upishi huu umetokana na wenyeji wa asili wa pwani ya Pasifiki, Marekani na Kanada, wenye mwerezi mwekundu wao. Sisi tuna mabaki ya mbao za majahazi kule Matondoni, na yanatamanisha. Usiyaguse! Ubao wa chombo umekunywa sifa, yaani mafuta ya samaki ya kupaka vyombo, na shahamu miaka, na rangi juu yake. Mwombe seremala kipande kipya kisicho na vanishi wala dawa ya mchwa, na kisiwe cha msonobari, maana utomvu wake unachafua ladha. Ukikosa, jani la mgomba litamkinga samaki vizuri, ila harufu ya mti hutaipata.

Samoni si wa bahari yetu. Anatoka maji ya baridi, na mwingi tunaouziwa umefugwa. Wekundu wake si kipimo cha ubichi: wa kufugwa huupata kwenye chakula anacholishwa. Wala kugandishwa si kuoza. Myeyushe polepole ndani ya friji, si juani. Ukitumia nguru wetu, kumbuka hana mafuta mengi kama samoni, kwa hiyo mpake tui zito na umtoe mapema kidogo.

Na wali wa kando? Wengi huamini tui zito likitiwa tangu mwanzo ndilo linalokoleza. Linachoma chini, wali unapata harufu ya ukoko, na punje za juu zinabaki ngumu. Kuna nazi, kuna mbuzi ya kukunia, kuna kifumbu cha kuchujia: kamua tui la pili, jepesi, uchemshe mchele humo pamoja na chumvi, iliki iliyopondwa na kijiti cha mdalasini. Maji yakikaribia kukauka ndipo umimine tui la kwanza, ugeuze mara moja, ufunike na kupalia makaa machache juu ya kifuniko. Ndimu usiitie sufuriani, tui litakatika. Ikamulie mezani, juu ya samaki na wali kwa pamoja.