Je, wajua kwa nini shujaa wa anga wa Ufaransa aliishia kuendesha lifti New York?

Desemba 1959, watazamaji wa kipindi cha asubuhi cha televisheni ya NBC nchini Marekani walimwona mzee mmoja mweusi ameketi mbele ya kamera, amevaa sare ya mwendesha lifti. Hayakuwa mavazi ya maigizo. Mzee huyo, Eugene Bullard, alikuwa mfanyakazi wa lifti za Rockefeller Center, humo humo zilimokuwa studio za NBC. Wengi aliowapandisha ghorofani kila siku hawakuwa na habari kwamba anayewafungulia mlango ana nishani 15 za Ufaransa, na kwamba ndiye Mmarekani mweusi wa kwanza kurusha ndege ya kivita.

Ilikuwaje mtu wa namna hiyo apewe heshima zote hizo na nchi ya watu, huku kwao akiwa mtu wa lifti tu?

Turudi Columbus, jimbo la Georgia, alikozaliwa Oktoba 1895. Eugene alikuwa bado mtoto mdogo baba yake alipogombana na msimamizi wake mzungu kazini. Usiku kundi la wazungu likaja nyumbani kumtafuta. Katika miaka ile, huko kusini mwa Marekani, kundi la namna hiyo likifika mlangoni kwa mtu mweusi watoto hawakuhitaji kuelezwa limefuata nini: ni kamba na mti. Familia ilikaa gizani kimya, baba kashika bunduki, mpaka kundi likaondoka. Baba alikuwa akiwasimulia wanawe kwamba iko nchi iitwayo Ufaransa ambako mtu hapimwi kwa rangi yake. Neno hilo lilimwingia mtoto. Akiwa na umri wa miaka 11 hivi alitoroka nyumbani kwenda kuitafuta.

Ilimchukua miaka kufika. Aliishi na kundi la Waroma, jamii ya watu wa kuhamahama, waliofuga farasi wa mashindano, akajifunza kuwatunza na kuwapanda. Mwaka 1912 alizamia meli ya Kijerumani iliyokuwa ikitoka Virginia, akashushwa Aberdeen, Scotland. Pale Uingereza alijipatia riziki kwa ngumi. Pambano la ndondi ndilo lililomfikisha Paris mwishoni mwa 1913, na alipoliona jiji aliamua kwamba harudi alikotoka.

Mwaka uliofuata Vita vya Kwanza vya Dunia vikazuka, Ufaransa ikapigana na Ujerumani. Oktoba 1914, akiwa ndiyo kwanza ametimiza miaka 19, alijiunga na Jeshi la Wageni la Ufaransa, linalopokea askari kutoka mataifa mengine. Wakati huo Marekani haikuwa vitani, na raia wake aliyekula kiapo cha utii kwa serikali ya nchi nyingine alihatarisha uraia wake. Jeshi la Wageni liliwapa upenyo, kwa kuwa askari aliapa kulitii jeshi lenyewe, si taifa la Ufaransa. Wamarekani wengi, weupe kwa weusi, walipitia mlango huo.

Watu wengi wanaosimulia habari zake hukimbilia ndege, wakasahau kwamba kabla ya kupaa alikaa kwenye mahandaki mwaka mzima na zaidi. Hata lile jina lake maarufu, Mbayuwayu Mweusi wa Mauti, halikutoka angani kama wengi wanavyodhani. Lilitoka kwa Kikosi cha 170 cha askari wa miguu, ambacho askari wake waliitwa mbayuwayu wa mauti, na Bullard akahamishiwa humo. Machi 1916, huko Verdun, alijeruhiwa vibaya pajani. Madaktari waliona hafai tena kutembea na bunduki. Akapewa nishani ya Croix de Guerre na muda wa kupona.

Hapo ndipo ndege inapoingia, na iliingia kwa dau. Akiwa Paris katika kuuguza jeraha, rafiki yake Mmarekani alimwambia haiwezekani mtu mweusi akawa rubani. Wakawekeana dau la dola 2,000, fedha nyingi mno kwa wakati ule. Bullard aliingia kwanza kwenye mafunzo ya mpiga rashasha wa ndege, kisha akaomba abadilishiwe awe rubani, akakubaliwa. Tarehe 5 Mei 1917 alipata leseni ya urubani, na dau akawa amelishinda.

Ni vizuri tuliweke hili sawa, maana heshima haihitaji chumvi: Bullard hakuwa rubani mweusi wa kwanza duniani. William Robinson Clarke wa Jamaika alipata urubani kwenye jeshi la Uingereza siku chache kabla yake, Aprili mwaka huohuo, na Ahmet Ali Çelikten, mwenye asili ya Afrika, alikuwa rubani katika jeshi la Dola ya Uthmani, yaani Uturuki ya zamani. Sifa ya Bullard ni ya Wamarekani weusi, nayo inamtosha.

Kurusha ndege ya kivita ya 1917 kulikuwaje? Bullard alirusha aina mbili, Nieuport na SPAD. Zote zilikuwa fremu ya mbao iliyovikwa kitambaa na kupakwa dawa ya kukikaza. Rubani alikaa wazi, kichwa kikipigwa na upepo wa baridi kali, bila parachuti. Injini ya Nieuport ilizunguka yote, silinda na kila kitu, pamoja na rafadha, lile pangaboi la mbele linaloivuta ndege, na ililainishwa kwa mafuta ya mbarika, haya haya ambayo wazee wetu walitunywesha kufungua tumbo. Yalichaguliwa kwa sababu hayachanganyiki kirahisi na petroli. Injini ikizunguka, mafuta yanarushwa nje, yanamrukia rubani usoni, anayavuta kwa pua na kuyameza asitake. Unaweza kukisia matumbo yao yalikuwaje wakitua.

Kwenye SPAD, rashasha ilifungwa mbele ya rubani na risasi zikapita katikati ya rafadha inayozunguka. Mtambo uliounganishwa na injini uliiruhusu bunduki kufyatua pale tu ambapo ubao wa rafadha haupo mbele ya mtutu. Mtambo ukikosea, rubani anajikatia rafadha yake mwenyewe akiwa angani.

Kuanzia Agosti 1917 Bullard aliruka na vikosi vya mstari wa mbele, safari kama 20 hivi za mapigano. Ubavuni mwa ndege yake palichorwa moyo uliochomwa jambia, na maneno ya Kifaransa yenye maana kwamba damu yote inayomwagika ni nyekundu. Ndani ya koti alibeba tumbili wake mdogo, Jimmy, wakaruka pamoja. Yeye mwenyewe alisema aliangusha ndege mbili za Wajerumani, ila hazikuthibitishwa rasmi, kwa hiyo hesabu rasmi haikumpa hata moja. Sioni kama hilo linampunguzia kitu. Mtu aliyetoka Verdun na jeraha la paja, kisha akaomba kwenda juu, hahitaji idadi ya ndege ili tumwamini.

Marekani ilikuwa imeshaingia vitani Aprili 1917, na jeshi lake likaanza kuwachukua marubani Wamarekani waliokuwa wakiruka chini ya bendera ya Ufaransa. Lilikuwa na njaa ya marubani wenye uzoefu. Bullard naye alijitokeza, akapimwa afya, akafaulu. Wenzake weupe waliitwa na kupandishwa vyeo. Yeye alingoja, na hakuitwa. Jeshi la Marekani wakati huo halikumpokea mtu mweusi kuwa rubani, na halikufungua mafunzo hayo kwao mpaka 1941.

Wala Ufaransa haikuwa pepo. Ilikuwa inatawala mamilioni ya Waafrika waliokuwa hawana haki za raia. Bullard mwenyewe aligombana na afisa mmoja wa Kifaransa, akaondolewa kwenye urubani na Januari 1918 akarudishwa kikosi chake cha miguu, kwenye kazi zisizo za mapigano, hadi alipoachiliwa 1919. Hata hivyo Ufaransa ilikuwa imempa kiti cha ndege alichokalia kweli, na kwao hakupewa hata cha kujaribia.

Baada ya vita alibaki Paris. Alipiga dramu kwenye bendi za jazi, akaendesha klabu za usiku, akaoa, akapata mabinti wawili. Miaka ya 1930 wapelelezi wa Ufaransa walimtumia kusikiliza mazungumzo ya Wajerumani waliokuja kunywa kwenye baa yake, kwa sababu alikijua Kijerumani nao hawakumdhania. Wajerumani walipoivamia Ufaransa 1940 alichukua tena bunduki, akiwa na miaka 44, akaumia mgongo, akavuka Hispania na kupanda meli hadi New York.

Ndipo tunapofika kwenye lifti. Klabu imebaki Paris, mgongo mbovu, na Marekani nishani za Ufaransa hazimfungulii mtu mlango wowote. Alifanya kazi alizopata, akipanga chumba Harlem, nishani zake zikiwa ukutani. Mwaka 1949, kwenye vurugu zilizoambatana na tamasha la mwimbaji Paul Robeson karibu na Peekskill, alipigwa marungu na kuangushwa chini, na polisi walikuwa miongoni mwa waliompiga. Picha za kipigo hicho zipo hadi leo. Hakuna aliyeshtakiwa.

Ufaransa haikumsahau. Mwaka 1954 ilimwita Paris awe mmoja wa watu watatu wa kuwasha upya mwenge wa kaburi la Askari Asiyejulikana, chini ya Arc de Triomphe. Oktoba 1959 ikampa nishani ya Légion d'honneur, na wiki chache baadaye ndipo akaketi mbele ya kamera za NBC na sare yake ya lifti.

Alifariki kwa saratani ya tumbo tarehe 12 Oktoba 1961, siku tatu baada ya kutimiza miaka 66. Mwaka 1994, miaka 33 baada ya kifo chake, Jeshi la Anga la Marekani lilimtunuku cheo cha Luteni Usu. Kaburi lake liko Queens, New York, sehemu ya wapiganaji wa zamani wa Ufaransa. Alizikwa na sare ya Jeshi la Wageni, na bendera iliyofunika jeneza lake ilikuwa ya Ufaransa.