Je, wajua kwa nini tunamkumbuka mwalimu na kusahau alichotufundisha?

Anapofariki mkuu wa chuo aliyependwa, wanafunzi wake wa zamani husimama mmoja baada ya mwingine kumwelezea, na karibu kila mmoja huanza na jambo dogo: jinsi alivyopanga chaki zake kabla ya kipindi, jinsi alivyotamka majina, jinsi alivyocheka. Ni nadra mtu kueleza somo alilofundishwa. Kwa nini?

Kwa miaka mingi nilikuwa na jibu langu, nalo halikuwa sahihi. Nililipata katika hafla ya kumkumbuka mwalimu wangu, aliyefundisha takwimu kwa zaidi ya miaka 30 na kuishia kuwa mkuu wa chuo. Walizungumza watu wengi siku ile, na hakuna hata mmoja aliyetaja takwimu. Mwanamke mmoja alisimulia kwamba alipoingia ofisini kwake akiwa ameamua kuacha masomo, mwalimu alivua saa yake ya mkononi, akailaza mezani kifudifudi, kisha akamwambia aanze kueleza. Waliomfuata walisema kwamba nao, siku walipokuwa na shida, waliiona saa ile ikilazwa vivyo hivyo. Ukumbi mzima ulitoa machozi. Nilirudi nyumbani na huzuni mbili, moja ya kumpoteza, na nyingine ya kuona kwamba kazi ya maisha yake ilikuwa imesahaulika, ikabaki saa tu.

Nilikuwa nimeichukulia kumbukumbu kuwa ghala. Kwa mawazo hayo, kinachokumbukwa ndicho kilichomo, na kisichokumbukwa kimeibwa au kimeoza. Ukifikiri hivyo, hitimisho halikwepeki: kama wanafunzi mia wanaikumbuka saa na hawakumbuki hata mhadhara mmoja, basi mihadhara ilipita bure. Kosa liko katika hatua ya kwanza kabisa. Kukumbuka kwamba ulifundishwa jambo na kulijua jambo lenyewe ni vitu viwili, na kimoja chaweza kutoweka huku kingine kikisimama imara. Wewe unajua kusoma. Jaribu sasa kuikumbuka siku uliyofundishwa herufi ya m.

Mwanasaikolojia Endel Tulving alipendekeza tofauti hiyo mwaka 1972, alipotenganisha kumbukumbu ya matukio, yaani yale uliyoyapitia mahali fulani siku fulani, na kumbukumbu ya maarifa, yaani yale unayoyajua bila kuhitaji kujua uliyapata wapi. Ushahidi unaonigusa kuliko wote ulichapishwa mwaka 1997 na Faraneh Vargha-Khadem na wenzake, waliowachunguza vijana watatu ambao hipokampasi zao, sehemu ya ndani ya ubongo inayohifadhi matukio, ziliharibika mapema maishani. Vijana hao hawakuweza kusimulia vizuri waliyoyafanya siku hiyohiyo. Hata hivyo walikuwa wamesoma katika shule za kawaida, wakajua kusoma na kuandika, na maarifa yao ya jumla yalikaribia yale ya wenzao. Walijifunza shuleni bila kuzikumbuka siku za shule. Ni watu watatu tu, na wataalamu bado hawajaafikiana kuhusu kiasi ambacho hipokampasi huhusika katika kujifunza maarifa, lakini baada ya kuusoma utafiti huo sikuweza tena kuliamini lile ghala langu.

Inafaa kuutazama kwa utulivu utaratibu wenyewe. Fikiria uwanja wenye majani. Mtu wa kwanza anayekatiza huyalaza majani, na kwa siku moja au mbili unaweza kuonyesha kidole pale alipokanyaga. Anapita wa pili, wa kumi, wa mia, palepale, hadi majani yanakufa, udongo unashindiliwa, na panatokea njia ambayo hata mgeni ataifuata usiku. Ukiulizwa sasa uonyeshe unyayo wa mtu wa arobaini, huwezi, kwa sababu umekwisha kuwa sehemu ya njia. Kadiri nyayo zinavyoongezeka, ndivyo njia inavyokuwa imara zaidi na ndivyo kila unyayo unavyozidi kutoonekana. Somo linalorudiwa hufanya vivyo hivyo ubongoni. Kila linaporudi, kiini chake ni kilekile lakini siku ni nyingine, kiti ni kingine na mvua ya nje ni nyingine; kinachofanana huimarishwa na kuhamia kidogo kidogo katika tabaka la nje la ubongo, na kile kinachotofautiana huchanganyikana hadi hakuna siku moja inayojitokeza.

Kando ya uwanja huohuo kuna saruji mbichi, na mtu aliikanyaga mara moja. Unyayo wake utaonekana miaka 50 baadaye, na vidole vyake vyote vitano. Saa iliyolazwa kifudifudi ilikuwa unyayo wa namna hiyo. Kwa kila mwanafunzi jambo lile lilitokea mara moja, siku ya hofu, na hofu huiamsha amigdala, jirani wa hipokampasi, ambayo huitia nguvu kumbukumbu inayoandikwa wakati huo.

Benjamin Mays, aliyeongoza Chuo cha Morehouse mjini Atlanta, Marekani, kuanzia 1940 hadi 1967, hunisaidia kuyaona haya mawili kwa pamoja. Kila Jumanne alikuwa akizungumza na wanafunzi katika kanisa la chuo. Miongoni mwa waliomsikiliza alikuwamo Martin Luther King, aliyejiunga na chuo mwaka 1944 akiwa na miaka 15, na ambaye baadaye alimwita mlezi wake wa kiroho. Jumanne za miaka 27 ni nyayo nyingi mno; sitarajii mtu kuzitenganisha. Lakini wanafunzi walimbandika pia jina la utani, Buck Bennie ("buck" ni dola kwa Kiingereza cha mitaani), kwa jinsi alivyofuatilia ada, na jina hilo halijafutika.

Nisivuke mpaka wa ushahidi. Si kila somo lililosahaulika limekuwa njia. Mengine yameota majani kabisa. Mwanasaikolojia Harry Bahrick alichapisha mwaka 1984 matokeo ya kuwapima watu 733 waliojifunza Kihispania shuleni au chuoni, baadhi yao miaka 50 kabla ya kupimwa. Maarifa yalipungua haraka katika miaka michache ya mwanzo, kisha sehemu kubwa ya yaliyosalia ikadumu kwa miongo bila kupungua. Waliosoma kwa muda mrefu na kwa kina ndio waliobaki na hazina hiyo, na waliosoma kidogo walibaki karibu mikono mitupu. Hata saruji haiaminiki kabisa. Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwauliza wanafunzi walikuwa wapi waliposikia kwamba chombo cha anga cha Challenger kimelipuka, mwaka 1986, kisha wakawauliza tena zaidi ya miaka miwili baadaye. Wengi walikosea vibaya, huku wakiwa na uhakika mkubwa. Kwa hiyo sitaapa kwamba saa ililazwa kifudifudi katika kila kisa tulichosikia siku ile.

Kuhusu takwimu, nina jambo moja la kuongeza. Kazini, mtu anaponiletea wastani wowote, mimi humuuliza, "Mtawanyiko uko wapi?", yaani namba zenyewe zinatofautiana kiasi gani. Wenzangu wamelizoea swali hilo, na nililihesabu kuwa langu. Mwaka jana nilifungua sanduku la karatasi za chuo, nikakuta mazoezi yangu manne ya muhula wa kwanza yamefungwa kwa uzi. Pembeni mwa la kwanza, kwa wino mwekundu na mwandiko wake uliolala kushoto, mwalimu wangu ameandika, "Mtawanyiko uko wapi?" Katika la pili ameandika vivyo hivyo, na la tatu pia. Katika la nne ameweka alama ya vema, bila neno lolote. Siikumbuki hata siku moja kati ya hizo nne.