Je, kuna kazi za kike na za kiume?

Wengi tumekua tukisikia kwamba ufundi magari na umeme ni kazi za wavulana, upishi na ushonaji ni za wasichana, kwa sababu ndivyo tulivyoumbwa.

Lakini simama jioni kwenye kibanda cha chipsi Sinza au Temeke: anayemimina mayai kwenye kikaango mara nyingi ni kijana wa kiume. Kwenye baraza za Kariakoo, mafundi cherehani wengi ni wanaume. Jiko na sindano zikileta fedha, hakuna anayeuliza jinsia. Gereji nako, gari huinuliwa kwa jeki, na nati iliyogoma hulegezwa kwa kuchomeka bomba kwenye spana. Mpini ukirefuka, nguvu inayohitajika hupungua. Hata walioandaa programu za mwanzo za ENIAC, kompyuta ya Marekani ya miaka ya 1940, walikuwa wanawake 6.

Kinachoamua zaidi ni kile mtoto anachokiona na kuambiwa mapema. Inaniuma sana binti anayependa fizikia akiiacha kidato cha tatu kwa sababu mjomba kamwuliza, "Nani atakuoa?" Mzazi, chukua fomu ya chuo cha ufundi, usome mwenyewe sifa za kujiunga. Kisha mpeleke mwanao gereji siku moja, ashike spana.