Njia za Miguu Bagamoyo: Namna Mtandao Unavyokua Mikononi mwa Wakazi

Wakati wa masika, ujia wa hapa Bagamoyo unaotoka upande wa Magomeni kuelekea soko la samaki hujaa maji sehemu ya katikati. Kabla mtu yeyote hajaitisha kikao, makumbi ya nazi huwa yameshatandazwa juu ya tope, mawe yamepangwa pembeni kwa kipimo cha hatua ya mtu mzima, na gogo la mnazi limelazwa juu ya mtaro ili akina mama wenye mabeseni kichwani wapite bila kuteleza. Hakuna anayelipwa kwa kazi hiyo. Ujia wenyewe haumo katika mchoro wowote wa mipango miji ambao nimewahi kuufanyia kazi, ingawa alfajiri ya siku ya kawaida unapitwa na watu wengi kuliko baadhi ya barabara zilizopewa majina. Sisi wataalamu wa mipango miji tumezoea kuanza na karatasi, lakini mtandao wa njia za miguu huanzia hapa, kwenye njia ambayo watu wamekwisha kuichagua kwa nyayo zao na wanaitunza kabla haijatambuliwa na ofisi yoyote.

Bagamoyo ina vipande vingi vya njia za namna hiyo. Kusini, kilomita tano hivi kutoka mjini, yapo magofu ya Kaole, penye misikiti ya kale na makaburi yenye nguzo. Katikati ipo mitaa ya Mji Mkongwe, yenye Ngome Kongwe, nyumba ya misafara na Boma la Wajerumani lililojengwa mwaka 1897. Kaskazini ipo misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa mwaka 1868, ambayo hufikiwa kwa njia iliyopandwa miembe pande zote mbili. Mji huu ndio uliokuwa kituo cha mwisho, upande wa pwani, cha njia ndefu ya misafara kutoka Ujiji, njia iliyokanyagwa na wapagazi waliobeba pembe za ndovu na watu waliotekwa kupelekwa utumwani, na ambayo tangu mwaka 2006 imo katika orodha ya awali ya Tanzania ya maeneo yanayopendekezwa kuwa Urithi wa Dunia. Kwa hiyo hatuhitaji kubuni njia mpya. Kinachokosekana ni maungio: mita mia mbili hapa ambapo mtembeaji analazimika kutoka kwenye kivuli na kuingia barabarani pamoja na bodaboda, au pengo pale ambapo ujia unaishia kwenye uzio na kuendelea ng'ambo yake.

Miji mingine imeonyesha kwamba kuunganisha ndiko hasa kunakoukuza mtandao. Mwaka 2019 watu wa kujitolea wa San Francisco, Marekani, walizindua njia ya takribani kilomita 27 inayoukata mji kutoka Candlestick Point, kusini mashariki, hadi Lands End, kaskazini magharibi. Sehemu kubwa ya njia hiyo ilikuwepo tayari katika bustani, ngazi na vichochoro, na kazi yao kubwa ilikuwa kutafuta mlolongo unaofaa, kuuchora na kuwaeleza watu namna ya kuufuata.

Mfano ninaourejea mara nyingi zaidi ni wa kisiwa cha Jeju, Korea Kusini. Mwandishi wa habari Suh Myung-sook, aliyekuwa ametembea njia ya mahujaji ya Santiago nchini Hispania, alirudi kwao akitaka kisiwa chake kiwe na njia ya kutembea, na Septemba 2007 kipande cha kwanza kikafunguliwa. Havikufunguliwa vyote kwa pamoja. Kiliongezwa kimoja baada ya kingine, hadi mwaka 2012 kisiwa kikawa kimezungukwa, na leo ziko njia 27 zenye jumla ya kilomita 437 hivi, zinazopita vijijini, ufukweni na mijini. Jina walilolichagua, Olle, kwa lahaja ya Jeju ni kile kijia chembamba kinachotoka barabarani hadi mlangoni pa nyumba. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa zaidi, kwa maana kila mtu aliyekulia Dunda, hapa Bagamoyo, anao ujia wake wa utotoni.

Alama zao ni riboni mbili, ya buluu na ya rangi ya chungwa, zinazofungwa kwenye matawi na nguzo. Nazitaja kwa sababu alama ndiyo sehemu ya kazi inayodharauliwa kuliko zote. Alama nzuri huwekwa kabla ya njia panda, mahali ambapo mtu bado anaweza kuamua, na tena hatua chache baada yake, ili aliyekwisha kugeuka ajue kwamba hakukosea. Katika mji wenye chumvi hewani kama Bagamoyo, bati hushika kutu upesi. Rangi iliyopakwa kwenye jiwe ni rahisi, na mkazi anaweza kuipaka upya mwenyewe kwa brashi na kopo dogo. Kila kipande kikiwa na wenyewe wanaojulikana, iwe kaya tatu, darasa la shule au kikundi cha vijana, alama iliyofutika itaonekana ndani ya wiki moja. Kikiachwa kuwa cha wote, hakuna atakayejua kuwa zamu ni yake.

Kuna hatari moja ambayo bidii ya wakazi peke yake haiwezi kuizuia, nayo ni upimaji wa viwanja. Bagamoyo inakua, ardhi inauzwa, na ujia usiooneshwa kwenye mchoro hauonekani machoni pa mpimaji anayeweka bikoni, yaani alama za mipaka ya viwanja. Mwenye kiwanja akijenga ukuta wake juu ya ujia huo hajavunja lolote analolijua. Sisi ndio tuliomwachia ramani isiyo kamili. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inatambua haki ya njia kwa matumizi ya umma, na Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ufuko wa bahari. Haki hizo ni rahisi kuzilinda kabla ya bikoni kuliko baada ya tofali.

Majirani zetu wa Nairobi walijifunza hilo kwa gharama kubwa. Msitu wa Karura, wenye takribani hekta 1,041 ndani ya mji, ulikuwa umeanza kugawiwa kwa watu binafsi, na mwaka 1998 na 1999 mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai na wenzake walikwenda kuuzuia ugawaji huo, wakashambuliwa na kujeruhiwa. Baada ya Sheria ya Misitu ya mwaka 2005 kuruhusu vyama vya jamii kushiriki usimamizi wa misitu, wakazi waliunda chama chao na kushirikiana na shirika la misitu la serikali. Leo watu hutembea na kuendesha baiskeli katika njia zake zenye makumi ya kilomita. Ulinzi wa ardhi ulitangulia, njia zikafuata.

Kwa Bagamoyo ningeshauri kuanza na kipande kimoja, kutoka soko la samaki hadi Ngome Kongwe. Wazee wanaokumbuka njia zilivyopita, vijana wenye simu za kurekodi mahali walipopita, na mwenyekiti wa eneo wautembee ujia pamoja asubuhi moja, waandike kila pengo, kila mtaro na kila ukuta, kisha orodha hiyo ipelekwe ofisi ya kata na kwa maafisa ardhi ili iingizwe kwenye mchoro kabla upimaji haujafika. Lile gogo la mnazi juu ya mtaro liandikwe pia. Upande wa chini limeshaanza kuoza, na masika yajayo yasiikute kazi hiyo bado haina mwenyewe.