Umefunga? Sema Dirishani Kabla Hatujaandika 1×3

Mwaka huu, kama ilivyokuwa mwaka jana, Ramadhani na Kwaresma zimeingia wiki moja. Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 18 Februari 2026, na wiki hiyohiyo ndugu zetu Waislamu wakaanza kufunga. Kwetu tunaokaa nyuma ya dirisha la dawa katika hospitali ya umma hapa Mbeya, hiyo ina maana moja: wagonjwa wengi wamebadilisha saa za kula, na walio wengi hawatatuambia. Tutajua siku sukari imeshuka, mgonjwa analetwa na bajaji akiwa ameegemea bega la mwanawe.

Naandika kwa sababu manung'uniko yamekuwa mengi pande zote mbili. Wagonjwa wanasema tunawazungusha wanapoomba kupangiwa upya saa za dawa. Sisi tunasema wanajipangia wenyewe, halafu wanakuja kwetu kurekebishiwa kilichoharibika.

Nitangulize hili ili tusieleweke vibaya. Hospitali haimkatazi mtu kufunga, wala haina mamlaka hayo. Mgonjwa na msafiri wamepewa ruhusa ya kutofunga katika aya ya 184 na 185 za Suratul Baqara, na shehe wa msikiti wako atakufafanulia kulipa siku na fidya kuliko nitakavyoweza mimi. Langu ni dawa.

Mwaka jana alikuja mzee mmoja, fundi cherehani, mgonjwa wetu wa sukari na presha wa miaka mingi. Nilimwamkia, nikaifungua kadi yake, nikaona vipimo havieleweki. Nikamuuliza, "Baba, dawa za asubuhi unameza saa ngapi?" Akanijibu bila wasiwasi wowote, "Daktari, mimi nimefunga. Na dawa nazo nimezifunga." Za kutwa nzima alikuwa anazikusanya na kuzimeza kwa mkupuo baada ya uji wa futari. Hakuwa mkaidi. Alikuwa ameisoma bahasha yetu kama tulivyoiandika, akaona haitekelezeki, akatafuta njia yake.

Hapo kosa ni letu pia. Mtoa dawa akiandika 1×3, mgonjwa anaambiwa "kimoja, kutwa mara tatu". Sasa aliyefunga hana kutwa. Kutwa yake yote kinywa kimefungwa. Alichonacho ni usiku. Mtoa dawa ambaye yeye mwenyewe amekunywa chai saa nne hilo halimjii kichwani, na katika mji kama wetu, ambako Waislamu si wengi kama Pwani, wengi wetu dirishani tumekunywa chai saa nne. Kwa hiyo tuambie. Sentensi moja tu, "Nimefunga", inabadilisha tutakachoandika.

Habari njema ni kwamba nchi yetu iko karibu na ikweta. Mfungo wa Mbeya ni wa kati ya saa 13 na 14 hivi, Ramadhani iangukie mwezi wowote ule. Kwa hiyo dawa ya mara moja kwa siku haina shida: inahamia futari au daku. Ya mara mbili mara nyingi inakubali kukaa futari na daku. Ya mara tatu ndiyo haikubali, na hiyo dawa yake si kumeza viwili magharibi na kimoja alfajiri. Dawa ya kuua vijidudu ya kila baada ya saa 8 imepangiwa hivyo kwa sababu baada ya muda huo imepungua mwilini. Ukiziunganisha dozi mbili unapata madhara ya dozi mbili, halafu mchana wote vijidudu vinapumua. Mwombe daktari dawa nyingine ya mara moja au mbili kwa siku. Kwa magonjwa mengi ipo.

Kuhusu saa zenyewe, kuna jambo nalirudia kila mwaka. Jua la Mbeya huzama zaidi ya dakika 20 baada ya jua la Dar es Salaam, kwa sababu sisi tuko magharibi. Iringa wanapishana na Dar kama robo saa. Mgonjwa wa insulini aliyeelekezwa kujidunga nusu saa kabla ya kula, akijidunga kwa kuhesabu adhana ya redio ya Dar, kisha akasubiri muadhini wa msikiti wake, amekaa karibu saa nzima na insulini mwilini bila chakula. Mikono inaanza kutetemeka na tende ziko mezani. Alfajiri ni kinyume chake: anayeacha kula kwa redio hiyo anajinyima dakika 20 za kunywa maji. Fuateni ratiba ya msikiti wa hapa.

Sukari ndiyo inayotupa kazi kubwa, na hapa naomba msomaji asiruke mistari. Dawa za sukari hazifanani. Metformini peke yake ni nadra kuishusha sukari kupita kiasi. Glibenklamidi inaisukuma kongosho itoe insulini, umekula hujala, na nguvu yake inadumu muda mrefu. Ukiimeza daku kwa dozi ileile ya asubuhi ya siku zote, saa tisa mchana iko kazini na tumbo ni tupu. Insulini nayo ina hesabu zake, na sitaandika hapa nani apunguze kiasi gani, kwa sababu kuna atakayeikata makala hii na kuibandika ukutani kama cheti. Nenda kliniki, upangiwe kwa vipimo vyako.

Nitakachoandika ni mipaka ya kufungulia. Sukari ikishuka chini ya 3.9 (mmol/L) kwenye mashine, fungua. Hata kama zimebaki dakika kumi, fungua. Koroga vijiko vitatu vya chai vya sukari kwenye maji, kunywa, pima tena baada ya robo saa, kisha kula chakula. Ikipanda juu ya 16.7, fungua pia, kunywa maji na uje hospitali. Na kama huna mashine, jasho la ghafla, mtetemeko, moyo kwenda mbio na maneno kuchanganyika vinatosha, usisubiri namba. Hili nalisema hasa kwa madereva. Mtu anayeishusha lori mteremko wa Mbalizi kuelekea Tunduma, au Kitonga kuelekea Ruaha Mbuyuni, sukari ikimshukia pale hafi peke yake.

Halafu kuna wanaokataa kupima mchana kwa madai kwamba tone la damu linavunja saumu. Hili limetuchosha. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu lilikaa Jeddah mwaka 1997, katika kikao chake cha 10, likaamua kwamba kutoa damu ya kipimo hakubatilishi saumu. Katika uamuzi huohuo yamo matone ya macho na masikio, sindano za tiba zisizo za lishe, kidonge cha moyo kinachowekwa chini ya ulimi, hata kung'olewa jino, ilimradi usimeze kinachofika kooni. Dripu ya lishe haimo. Hayo si maneno ya wafamasia, ni ya wanazuoni, na yana karibu miaka thelathini. Kuhusu pampu ya pumu, muulize shehe wako. Mimi ninachojua ni kwamba mgonjwa wa pumu hatembei bila pampu yake, na kifua kikibana haulizi mtu, anaitumia.

Presha ni rahisi kidogo. Amlodipini huhamia futari au daku na mambo yakaendelea. Za kukojoza, ambazo wagonjwa wetu wanaziita dawa za maji, ndizo za kuzungumzia na daktari, maana ukizimeza daku unaanza siku kwa kuyatoa maji ambayo hutayarudisha hadi magharibi. Mbeya mjini tuko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari na mvua hizi zinaleta baridi. Mtu hasikii kiu, anadhani hana upungufu wa maji. Ndugu yake anayepalilia mpunga kule Usangu, au aliyeko Kyela kwenye joto la ziwa, anaisikia mapema na pengine anajilinda vizuri zaidi. Angalia rangi ya mkojo.

Vidonge vyenye maandishi ya retadi (retard) visivunjwe wala kutafunwa. Nimeona watu wanakata nusu ya futari na nusu ya daku. Kidonge hicho kimetengenezwa kitoe dawa polepole. Ukikivunja kinamwaga yote kwa pamoja.

Kwa wanaotumia ARV na wenzao wa kifua kikuu, nina ombi. Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo mikoa mitatu yenye maambukizi makubwa zaidi ya VVU nchini, kwa hiyo hili si la watu wachache wa mbali. Dawa inayotumika na wengi sasa ni kidonge kimoja kwa siku, kwa hiyo Ramadhani haina sababu ya kumkosesha mtu hata siku moja. Chagua saa ya futari au ya daku na ubaki nayo. Ninajua tatizo la kweli si saa, ni macho. Futari huliwa wengi kwa sinia moja, na daku nyumba nzima iko macho. Aliyezoea kumeza saa tatu asubuhi akiwa peke yake dukani anaona afadhali aache. Usiache. Waambie wa kituo chako cha CTC, yaani kliniki ya matunzo na tiba ya VVU, hivyohivyo ulivyo. Saa tatu usiku, baada ya tarawehe, inafaa kabisa. Vidonge vya kifua kikuu vinapenda tumbo tupu, hivyo amka mapema, meza, kisha ule daku baadaye kidogo.

Mgonjwa wa kifafa anaponzwa na mawili: dozi iliyorukwa na usingizi uliokatwa. Mezeni kwa wakati, laleni mapema. Mwenye vidonda vya tumbo, omeprazoli ni nusu saa kabla ya daku, si baada ya kushiba. Diklofenaki ya mgongo isitangulie tende kamwe. Na aliyekutwa na malaria ni mgonjwa: dawa ya mseto ina dozi sita kwa siku tatu, ya pili saa 8 baada ya ya kwanza, na inataka chakula chenye mafuta. Hakuna namna ya kuipangia saumu.

Sasa utaratibu, kwa sababu ndipo wengi wanapodai tunawazungusha.

Njoo na kadi ya kliniki. Njoo na dawa zako zote zikiwa kwenye bahasha au boksi zake, pamoja na ulizonunua mtaani na za mitishamba ulizopewa na shangazi. Usije na vidonge vilivyochanganywa kwenye kitambaa ukitarajia tuvitambue kwa rangi. Anzia masijala ili jalada lako litolewe. Kutoka hapo unaingia kwa daktari, si dirishani kwetu. Mfamasia anaweza kukushauri na anaweza kumpigia daktari simu, lakini hawezi kuandika dozi mpya juu ya cheti cha mtu mwingine. Daktari ataandika cheti kipya chenye jina, umri, dawa, nguvu yake, saa za kumeza, idadi ya siku, tarehe na saini. Kikikosa saini utarudishwa, hata kama umetoka Chunya na mvua inanyesha. Mhuri peke yake si saini. Ukija dirishani, tutaandika saa kwa maneno, "baada ya futari" au "kabla ya daku". Tukiandika 1×2 bila maelezo, turudishieni bahasha hiyohiyo, mna haki hiyo.

Dawa mlizokwisha kuondoka nazo hatuzipokei ili kubadilishana na nyingine. Kila Ramadhani tunaitwa wabahili kwa hili. Dawa ikishatoka hapa hatujui imelala dirishani juani au juu ya jiko, na hatuwezi kumpa mgonjwa mwingine. Usiyoihitaji ilete iteketezwe.

Ukimtuma ndugu, aje na kadi yako na aweze kutuambia unaumwa nini. Kumwazima jirani kadi ili achukue dawa za kwake kwa jina lako ni udanganyifu, na jalada lako litaandikwa ugonjwa usio wako. Daktari wa zamu usiku atakutibu kwa jalada hilo.

Kwa wenye maduka ya dawa, maana shinikizo la "nipe tu ya mara moja kwa siku, nimefunga" linaishia kwenu. Dawa ya cheti ni ya cheti mwezi huu kama miezi mingine. Baraza la Famasi na wakaguzi wa halmashauri wanaingia wakati wowote. Wakikuta unatoa dawa bila cheti, au duka la dawa muhimu linauza dawa zisizo kwenye orodha yake, dawa hizo zinachukuliwa, kibali kinaweza kusimamishwa au kufutwa, na mhusika kufikishwa mahakamani. Kujitetea kwamba mteja alikuwa na swaumu hakujawahi kumsaidia mtu.

Jambo la mwisho huwa linasahauliwa. Ratiba mpya inakufa usiku wa mwandamo. Asubuhi ya Idi kuna aliyemeza ya daku kwa mazoea saa kumi na moja, kisha akameza ya asubuhi saa mbili kwa kuwa mfungo umekwisha, halafu akaenda kuswali kabla hajala kitu cha maana. Siku hiyo meza moja tu, pamoja na chakula, na sahani ya pilau ya kwanza isiwe ya saa nane.